Shangazi, mume wangu hufumua usiku mafundo niliyoyafunga jioni

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja ningekuandikia kuhusu kamba, rangi na foronya. Mimi na mume wangu hatuna ugomvi wa fedha, wala wa wakwe, wala wa mtu wa tatu. Ugomvi wetu, kama unastahili kuitwa hivyo, umo katika jambo ambalo kila anayetutembelea hulisifu kuliko mengine yote: mapambo ya nyumba tunayoyatengeneza wenyewe.

Tulianza tulipohamia nyumba yenye kuta tupu, tukakubaliana kwamba hatutanunua pambo lolote ambalo mikono yetu inaweza kulitengeneza. Mimi nilikuwa nikifuma kwa kulabu tangu usichana wangu, naye alikuwa mwepesi wa msumeno na nyundo, kwa hiyo mwisho wa wiki tulikaa sakafuni huku redio ikiimba, yeye akipiga msasa fremu za picha na mimi nikishona foronya za mito ya kochi. Baadaye tukajifunza pamoja makrame, yaani ufundi wa kutengeneza mapambo kwa mafundo ya kamba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Mume wangu ni mtu wa vipimo. Fundo lisilolingana na jirani yake humkosesha usingizi, na hapo sitii chumvi. Pambo la ukutani tunalifunga kwa pamoja, mimi upande wa kushoto na yeye upande wa kulia. Nikishalala, yeye hurudi kulikagua, na asubuhi ninakuta mistari yangu kadhaa imefumuliwa na kufungwa upya, imekazwa kama ya kwake. Hasemi neno, nami sisemi neno. Wageni wakilisifu hujibu, "Nimelifunga mimi," kisha hukumbuka na kuongeza, "mke wangu alinisaidia."

Kilichonifanya nikuandikie hatimaye ni kabati la droo tulilolirithi likiwa na rangi nyeupe ya zamani. Yeye alichagua rangi ya maji ya buluu, mimi nikaipaka. Haukupita muda mrefu rangi ikaanza kubanduka vipande virefu kila ukucha ulipogusa ukingo wa droo, na chini yake ile nyeupe inang'aa kana kwamba haijawahi kuguswa. Alisema nimepaka nzito mno na kwamba brashi yangu ilikuwa na maji. Sasa amelihamishia kabati hilo kwenye chumba cha kazi ili alikwangue na kulimaliza peke yake. Ameanza na ubao wa juu, ambao haukuwa na rangi, akaupaka mafuta ya kitani, na vitambaa alivyotumia vimerundikwa kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza, pamoja na magazeti.

Siku hizi ikifika Jumamosi husema nimechoka, ingawa sijachoka. Pambo la chumba cha kulala nimemwachia peke yake kwa kisingizio cha kazi za ofisini. Je, nimwachie kazi hizi za mikono ziwe zake, nami nitafute burudani nyingine? Na kama ni kumwambia, nitamwambiaje bila kuonekana mtu mzima anayegombania kamba?

Ni mimi,
Mfumuliwa

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa lolote la ndoa, nenda kwenye chumba hicho cha kazi ukavitoe vile vitambaa ndani ya ndoo. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji, bali hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa huliachia joto hilo liende zake, lakini vitambaa vilivyorundikwa hulifungia ndani mpaka vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti wala cheche, saa kadhaa baada ya fundi kwenda kulala. Vitandaze nje kimoja kimoja, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, mpaka vikauke na kukakamaa. Au vitie kwenye mkebe wa chuma wenye maji na mfuniko unaobana. Kwa mengine yote nitakushauri mketi mzungumze. Kwa hili usisubiri mazungumzo.

Sasa nianze na kabati, kwa sababu ndilo lililobeba ushahidi. Umeeleza kwamba rangi ya buluu inabanduka vipande virefu, na kwamba nyeupe iliyo chini yake imebaki nzima na inang'aa. Maelezo hayo yanamwachia fundi yeyote shaka kubwa kwamba rangi ya zamani ni ya mafuta, nayo ikapakwa rangi ya maji juu yake bila kuparuzwa wala kuwekewa rangi ya msingi, ile ambayo mafundi huiita praima. Rangi ya maji haina pa kujishikiza juu ya uso laini wa rangi ya mafuta, hivyo hulala juu yake kama ngozi na siku moja hubanduka. Ungeweza kuipaka kwa mkono mwepesi kuliko wote duniani, na brashi kavu kabisa, bado ingebanduka. Kipimo chake ni rahisi: chukua pamba, iloweshe spiriti, usugue sehemu iliyojificha, tuseme ndani ya droo penye rangi hiyo nyeupe. Ikilainika na kuhamia kwenye pamba, ni rangi ya maji. Isipotikisika, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya mafuta.

Zaidi ya hayo, mzuie asikwangue kwanza. Kabati la kurithi lenye rangi ya miaka mingi linaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo yaliwahi kutiwa sana katika rangi za nyumbani. Marekani ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1978, na nchi nyingine zilichukua hatua kama hiyo kwa nyakati tofauti. Msasa mkavu huigeuza rangi ya namna hiyo kuwa vumbi, na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ipimwe kwanza. Ikionekana ina risasi, kazi hiyo apewe mwenye vifaa na ujuzi wa kuiondoa. Ikiwa salama, ondoeni buluu yote inayobanduka, pigeni msasa namba 120 mpaka mng'aro wa ile nyeupe ufifie, malizieni na namba 220, futeni vumbi, wekeni praima inayoshika juu ya rangi ya mafuta, ndipo mpake rangi mpya mara mbili, nyembamba nyembamba. Msiharakishe kulipanga vitu, kwa maana rangi ya maji hukauka juu kwa saa chache lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa.

Nimekaa kwenye kabati hili kwa makusudi. Mume wako aliulaumu mkono wako, nawe ukaamini nusu au ukanyamaza kana kwamba umeamini, ilhali swali lilikuwa la rangi na rangi, na pamba yenye matone machache ya spiriti ingelijibu kabla brashi haijaloweshwa. Katika barua ninazozipokea kuhusu wenza wanaofanya kazi za mikono pamoja, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa "mkono wako" na "mkono wangu" ni jambo la vifaa ambalo hakuna aliyelipima. Mtu akishazoea kupima, hukosa pa kumwekea mwenzake lawama.

Tuje kwenye mafundo, ambako kuna jambo la vifaa na jambo la heshima pia, na yasichanganywe.

Wewe ni mfumaji wa kulabu, kwa hiyo utanielewa upesi. Mfumaji makini, kabla hajaanza kazi kubwa, hufuma kwanza kipande cha majaribio kisichopungua sentimita 10 kwa 10, akahesabu vitanzi na mistari yake, kwa sababu watu wawili wenye uzi uleule na kulabu ileile hupata hesabu tofauti. Mmoja hukaza, mwingine huacha uzi upumue. Katika makrame ni vivyo hivyo. Mafundo yaliyokazwa sana hushikana na kulifanya pambo liwe gumu, na yaliyolegea kidogo hulifanya laini lenye kuning'inia vizuri. Yote mawili ni mazuri, ili mradi yawe ya namna moja. Lakini pambo likifungwa kushoto na mkono mmoja na kulia na mkono mwingine, mistari haishuki kwa kasi moja, upande mmoja unakuwa mfupi, na ukingo wa chini unakaa mshazari. Kwa hiyo anachokiona mume wako si ndoto, kipo kweli. Alikosea katika dawa aliyoichagua, na nyote wawili mlikosea kuligawa pambo moja kwa kulikata katikati kama shamba.

Ushauri wangu ni kwamba kila pambo liwe na mwenyewe mmoja. Mwenyewe ndiye anayechagua umbo, anayefunga mafundo yote tangu la kwanza hadi la mwisho, na ndiye pekee mwenye haki ya kufumua. Mwingine ni msaidizi wa pambo hilo, na katika pambo linalofuata wanabadilishana. Kazi za msaidizi si chache wala si za kudharauliwa, na uzuri wake ni kwamba haziachi alama ya mkono. Kukata kamba ni mojawapo, na inamfaa mtu wa vipimo: makadirio ya kawaida ni kwamba kamba itakayokunjwa katikati na kuning'inizwa kwenye kijiti ikatwe mara 8 ya urefu unaotakiwa, kwa sababu kila nusu yake inahitaji kuwa kama mara 4 ya urefu huo, na zaidi kidogo pambo likiwa na mafundo yaliyosongamana. Kupiga msasa kijiti, kuchana mashada ya chini, kutafuta mahali pa msumari na kutundika ni kazi nyingine. Hata kutundika kuna kipimo chake kinachozuia ugomvi: wenye majumba ya maonyesho huweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 145 hadi 150 hivi kutoka sakafuni, na anayetaka kuona kabla ya kutoboa ukuta anaweza kukata karatasi yenye ukubwa wa pambo, akaibandika kwa utepe, wakaitazama wote wawili siku kadhaa, mchana na usiku.

Sasa lile la heshima. Mwaka 2012, watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu hukipa thamani ya ziada kitu alichokiunda kwa mikono yake, hata kikiwa cha kawaida tu, na jambo hilo wakalipa jina la kampuni ya samani ya IKEA, ambayo mteja wake hujiunganishia meza yake mwenyewe. Linalokuhusu wewe ni sehemu ya pili ya matokeo yao: mtu alipounda kitu kisha kikavunjwavunjwa, au aliposhindwa kukimaliza, ile thamani ya ziada ilitoweka. Nadhani umeshaona ninakoelekea. Umekuwa ukifunga mistari ambayo asubuhi haipo, basi usishangae kwamba Jumamosi haikuvuti tena. Ungejilazimisha kuipenda kwa nguvu zote bado usingeipenda, kwa sababu kila wiki unanyang'anywa kile kinachomfanya mtu aipende kazi ya mikono yake.

Simhesabu mume wako kuwa mtu mbaya. Anayeamka usiku kunyoosha mafundo ana maradhi ya ukamilifu, si ya dharau, na yawezekana anaamini kwamba anakuepusha na aibu kwa kurekebisha bila kukutaja. Hata hivyo, kurekebisha kazi ya mwenzako kwa siri kunasema jambo ambalo pengine hakukusudia kulisema, nalo ni kwamba maoni yako hayahitajiki. Hapo sina cha kumtetea.

Kumwambia ni lazima, na utamwambia wakati ambapo hakuna kamba mikononi mwenu, hakuna mgeni sebuleni, na hajamaliza kufumua muda mfupi uliopita. Usianze na miaka yote ya mafundo. Anza na moja. Unaweza kusema hivi: "Ile mistari ya upande wa kushoto uliyoifunga upya ilikuwa yangu. Niliona asubuhi, nikanyamaza, na nimekuwa nikinyamaza kila mara. Kama umeona imelegea, niambie niifumue mwenyewe au niiache ilivyo, lakini usiiguse nikiwa nimelala." Kisha umwache ajibu. Akisema, "Lakini ilikuwa imepinda," usibishe, maana huenda ilipinda kweli. Mweleze habari ya mikono miwili katika pambo moja, umpe pendekezo la kila pambo na mwenyewe wake. Mtu wa vipimo hulipokea neno lenye sababu inayopimika upesi kuliko linalomtaka akiri kosa la moyo. Huko si kugombania kamba, mwanangu. Unadai kuulizwa, na mtu mzima ana haki ya kuulizwa.

Habari ya "mke wangu alinisaidia" itapungua yenyewe kazi zikiwa na wenyewe. Ukitaka kuiharakisha, darizi herufi ya jina la mwenye pambo nyuma yake, ndogo, ya rangi ya kamba, naye adarizi ya kwake. Mafundi wengi hutia alama katika kazi zao na hakuna anayewaona wachoyo.

Kwa upande wako, kile kisingizio cha uchovu ukiache. Najua kilikuokoa, lakini yeye hajui kinamaanisha nini. Kwa anavyoona yeye, mkewe amechoshwa na mapambo, au amechoshwa naye, na mwanamume wa aina hiyo akipata wasiwasi hukaza mafundo zaidi.

Pamoja na mpango wa mapambo yenye wenyewe, ningependa mchague ufundi mmoja ambao hakuna hata mmoja wenu anayeujua. Mwaka 2000, mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo wenza walifungwa pamoja kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi huku wakibeba mto uliobanwa kati ya miili yao bila kuushika kwa mikono, na wakajieleza kuwa wanaridhika zaidi na uhusiano wao kuliko wenza waliopewa kazi ya kuchosha isiyo na jipya. Siwaambii mtambae sebuleni, ingawa ningelipa kiingilio kumwona mtu wa vipimo akifanya hivyo. Ninachokiona hapo ni faida ya jambo jipya kwa wote wawili: hakuna bingwa, hakuna msaidizi, na kuharibu si aibu ya mtu mmoja. Kwa tabia ya mumeo ningependekeza kutia vitambaa rangi kwa kuvifunga, kisha mvishone foronya. Unafunga kitambaa kwa uzi, unakizamisha, na hujui michirizi itakaa vipi mpaka uzi ufunguliwe. Rula haina kazi hapo, na rangi ikishaingia haifumuliki. Vaeni glavu tu, na sufuria ya rangi isirudi jikoni kupikia.

Umeniuliza kama umwachie kazi hizi ziwe zake. Bado, na si kabla hujamwambia neno hata moja. Lakini ukiona umesema, mmejaribu, na mkono wake bado unakuja usiku, hamlazimiki kushika kamba moja ili muwe na burudani ya pamoja. Anni na Josef Albers walioana mwaka 1925 na wakaishi pamoja mpaka Josef alipofariki mwaka 1976. Anni alikuwa mfumaji wa nguo kwenye kitanda cha mfumi, na mwaka 1949 kazi zake zikapewa maonyesho yao wenyewe katika jumba la Museum of Modern Art jijini New York. Mumewe alikuwa mchoraji, na kuanzia mwaka 1950 alijikita katika kuchora miraba ndani ya miraba kwa rangi zinazobadilika. Wote wawili walishughulika na rangi na mistari maisha yao yote, kila mmoja kwenye kazi yake.

Kwenu hilo lingekuwa rahisi kulipanga: mafundo yawe yake, kulabu na sindano ziwe zako, chumba cha kazi kiwe cha wote kwa saa zilezile, na kila mmoja awe na rafu yake ambayo mwingine haigusi bila kuomba. Redio mnaweza kusikiliza moja. Ila mazungumzo yale yafanye kwanza, kabla hajaanza kulipiga kabati msasa, kwa sababu utakuwa na jambo la kumwonyesha kwenye pamba, na ni vigumu zaidi kuzungumza na mtu ambaye ameshawasha mashine.

Shangazi